Walioacha Vyungu Vyao

Jumatatu, 12 Oktoba 2015. Reynoldsburg, Ohio.

Nimerudi kazini miguu imevimba. Maboksi ya leo yalikuwa hayaishi. Mama hakuwa kitandani, na sikujisumbua kumwita. Nilifungua kabati la ukutani nikamkuta humo, kati ya makoti na ufagio, amejikunja, macho makavu. Ametandika kitenge. Kikombe cha maji pembeni. Nikamwambia atoke ale. Akasema nifunge mlango upesi, mwanga unaonekana toka mbali.

Mwanga wa sebule yangu! Uonekane na nani hapa Reynoldsburg? Na wauza matairi wa ng'ambo ya barabara?

Grace, binti yangu wa miaka tisa, ameniambia kwa Kiingereza chake kwamba koko, bibi yake, anacheza mchezo wa kujificha. Sikumrekebisha. Nilikaa kwenye zulia nikamlisha Mama ugali humo humo kabatini. Alikula matonge machache, mengine akayafunika kwa sahani. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 15 Oktoba.

Tumekwenda kwa daktari. Mkalimani alikuwa sauti tu kwenye simu, mtu wa Mombasa kwa lafudhi yake. Mama hakumwamini. "Huyu anasema kama redio," akaninong'oneza, na hakujibu swali hata moja.

Daktari anasema ni akili ya uzeeni imechanganyika na mambo ya vita. Woga. Anajificha kwa sababu anaogopa. Ametoa vidonge vya usingizi. Mama anavitema kwenye pindo la kitenge akidhani simwoni.

Woga, sawa. Mimi pia nakumbuka. Mwaka wa vita tulijificha pangoni, milima ya Fizi, Kongo, juu ya kijiji chetu. Mimi, Mama, kaka yangu Bahati, ambaye kama mkubwa tunamwita Yaya, na mdogo wetu Mapendo, mchanga mgongoni. Baba alituingiza humo, akasema tumsubiri, yeye anakwenda kutazama kama njia ya ziwani iko wazi. Hakurudi. Maji yalipokwisha Yaya Bahati alitutoa. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tukavuka ziwa, tukafika Kigoma, tukakaa kambini miaka na miaka, mwisho Amerika.

Baba hatujamlilia mpaka leo. Hakuna aliyemwona amekufa. Kambini wazee walikuja mara kadhaa waweke kilio, Mama akawafukuza. "Munazika mutu mwenye hamukuona?" Basi likabaki hivyo. Watu wengine wana kaburi, wengine wana tarehe. Sisi hatuna kitu.

Jumapili, 18 Oktoba.

Yaya Bahati amepiga simu kutoka Louisville. Yeye ndiye mkubwa wetu. Tangu Baba aondoke neno la mwisho ni lake, na analijua hilo vizuri mno. Alianza na lile lile. Nyumba ya wazee. Eti iko moja karibu na kwake, safi, kuna bustani.

Nikamuuliza nani humo ndani atamwelewa Mama akiomba maji. Nikamuuliza kama anajua watu wa kwetu watasemaje. Watoto watatu wazima, wote Amerika, mama yao analishwa na wageni. Nilipiga kelele mpaka Grace akaongeza sauti ya televisheni.

Akabadilisha wimbo. Amegundua makumbusho nje ya mji, ya nyumba za chini ya ardhi. Kuna watu duniani wanaoishi mapangoni kwa amani, na mababu zao waliishi hivyo. Mama akayaone. "Bon, Sifa, unisikilize. Akiona ile pango yenye haina vita, atapona." Yaya na dawa zake. Lakini afadhali makumbusho kuliko nyumba ya wazee. Nimekubali.

Ijumaa, 23 Oktoba. Njiani, halafu Louisville.

Grace nimemwacha kwa jirani yangu Mtanzania. Nimeendesha gari mchana kutwa mvua inanyesha. Nilikuwa nimemwambia Mama tunakwenda kuona nyumba za watu. Kosa langu hilo, kusema "za watu". Asubuhi nikamkuta amefunga unga wa muhogo na chumvi kwenye nailoni. Haendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa muda mrefu, na Mama akacheka pia bila kujua tunacheka nini.

Kwa Yaya amegoma kulala chumba cha wageni. Tumemtoa chini ya meza ya jikoni. Mke wa Yaya aliisugua meza ile kwa nguvu.

Jumamosi, 24 Oktoba. Louisville.

Naandika yote kabla sijalala.

Mahali penyewe ni machimbo ya zamani ya mawe, yamechimbwa chini ya kilima. Humo wamechonga nyumba za mfano. Ya Uturuki, ya Tunisia, ya Uhispania, ya Uchina. Baridi tulivu, taa hafifu za manjano. Kijana wa makumbusho alituongoza, mpole, ana ndevu. Alieleza kwamba chini ya ardhi joto la kiangazi haliingii na baridi haiingii, na kwamba kuna miamba laini unayoweza kuichonga chumba kipya mtoto akizaliwa. Yaya akatafsiri yote kwa furaha kama vile nyumba ni zake. Kisha kijana akasema kule Uturuki watu walijificha pia, majeshi yalipopita. Hilo Yaya hakulitafsiri.

Kwenye kila mlango Mama alipiga hodi. Kila mlango! Akasubiri aitikiwe. Hakuitikiwa, akavua viatu, akaingia. Watu wakatabasamu. Mwanamke mmoja akampiga picha. Mimi nilibeba viatu nyuma yake, na naandika ukweli: nilimwonea aibu mama yangu.

Nyumba ya mwisho ina jiko la mafiga, kitanda kilichochongwa ukutani, mkeka, na vyungu vimepangwa mstari. Mama aliweka unga na chumvi karibu na jiko. Kijana akasema kwa adabu kwamba haturuhusiwi kuacha vitu. Yaya akavitia mfukoni.

Mama akauliza, "Benye nyumba bako wapi?"

"Balihama, Mama," Yaya akasema. "Zamani."

Mama akavitazama vile vyungu, kimoja kimoja. Akamwangalia Yaya kama mtoto aliyedanganya vibaya.

"Mutu akihama anabeba vyungu yake. Hawa balikimbia."

Akaketi. Si pembeni, si kwa kujikunja kama anavyojikunja kabatini kwangu. Aliketi katikati ya mkeka, mgongo umenyooka, uso mlangoni. Akatandaza kitenge magotini. Akatuambia mimi na Yaya tukae nyuma yake na tusipige kelele. Baba yenu akirudi atukute hapa hapa.

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesubiri basi.

Tulimbembeleza. Watu walipita, wakasimama, wakapita. Kijana mwenye ndevu akaleta kiti, akaleta maji, Mungu ambariki. Wakati wa kufunga ukafika. Akaja mlinzi, naye hakuwa mkali. Ni Yaya aliyeishiwa uvumilivu. Alimnyanyua Mama mgongoni kwa nguvu. Mama akampiga ngumi, akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akapiga ukelele ambao nilikuwa nimeusahau. Niliusikia mara moja tu maishani, siku tulipotoka pangoni. Huko chini ulizunguka kwenye kuta, ukaturudia. Simu za watu zilikuwa hewani zikirekodi.

Nilitoka nyuma yao nimeshika viatu vyake.

Jumapili, 25 Oktoba. Louisville.

Yaya amefunga mkono kwa bandeji na hakwenda kanisani. Ametoa hukumu. Mpaka mwisho wa Novemba. Mama akiwa analala kitandani, chumbani, kama watu, tutamwacha kwetu. Asipolala, anaingia nyumba ya wazee, na mimi au Mapendo tusithubutu kumpigia kelele. Anasema amechoka kumtoa mashimoni.

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia Baba asingefanya hivi. Akatoka nje akakaa ndani ya gari peke yake, mvua inanyesha.

Jumatano, 28 Oktoba. Reynoldsburg.

Si woga.

Nimelifikiria siku zote hizi nikibandika lebo kwenye maboksi. Mtu anayeogopa hakai uso mlangoni. Mtu anayeogopa hawekei mwingine chakula. Daktari amekosea, mimi nimekosea, Yaya ndiyo kabisa. Mama hajifichi. Anasubiri. Aliambiwa asubiri pangoni, akatolewa kabla mume hajarudi, na sasa akili imeachia kila kitu isipokuwa hilo. Anatafuta mahali ambapo Baba anajua pa kumkuta.

Kabati amelikataa. Anasema ni dogo, baba yenu hataenea. Leo wamemkuta kwenye chumba cha kufulia cha apatimenti, chini, nyuma ya mashine. Meneja ameniambia ikitokea tena ataita polisi. Mimi niko kazini, siwezi kumfunga kamba.

Mapendo amepiga simu kutoka Buffalo. Mdogo wangu ana moyo mweupe. "Yaya Sifa, umulete huku. Miye niko na besimenti, chumba chini ya nyumba." Mume wake ni dereva wa lori, hayupo wiki nzima. Yeye anafanya kazi kiwandani asubuhi, na kuna shemeji yake, ndugu wa mume, anayeshinda nyumbani.

Nimelia bafuni. Halafu nikaosha vyombo.

Jumamosi, 7 Novemba. Buffalo.

Nyumba ya Mapendo iko nyuma kidogo ya barabara ya Grant, ya mbao, kuukuu, imeinama upande mmoja. Wao wanapanga chini, wengine juu. Besimenti yake haina dirisha. Kuta za mawe, sakafu ya saruji, mashine ya joto inanguruma pembeni.

Mama alishuka ngazi taratibu ameshika ukuta. Akapapasa mawe. Akatazama mlango juu ya ngazi, akatazama alipo, akaonekana kupima. Akasema, "Hapa sawa." Basi. Tukaleta godoro, tukalitandika chini. Akalala usingizi wa kukoroma saa ile ile, mchana. Mapendo na mimi tulikaa kwenye ngazi tukimsikiliza anavyokoroma, tukakamatana mikono kama wajinga.

Mapendo ameniuliza Baba alikuwaje. Hajui hata sauti yake. Nilimwambia alikuwa anaitwa Elia, mrefu, alikuwa akipiga chafya anatisha mbuzi. Nilitafuta kingine cha kusema sikupata. Hilo limeniuma sana.

Kesho narudi Ohio. Mama anabaki.

Jumanne, 10 Novemba. Reynoldsburg.

Habari nzuri na mbaya kwa simu moja.

Nzuri: Mama anakula. Anapanda juu mchana, anachambua maharage, anamsema Mapendo kwamba hajui kukaanga samaki. Jioni anashuka kwenye nafasi yake.

Mbaya: mwenye nyumba alikuja kutazama mashine ya joto, akakuta godoro. Sheria hairuhusu mtu kulala chini pasipo na dirisha la kutokea. Moto ukitokea, au gesi ikivuja, atafia humo. Amewapa mpaka mwisho wa mwezi. Siwezi hata kumchukia, maana anasema kweli.

Mapendo akajaribu kumlaza juu siku hiyo hiyo. Alfajiri kitanda kitupu. Mama alipatikana Grant, miguu mitupu kwenye baridi, mbele ya duka la kutuma pesa, anachungulia kwenye wavu wa vyuma wa barabarani akitafuta pa kuingilia. Mwenye duka, Mburundi, alimfunika koti lake akampigia Mapendo.

Yaya amepata habari. Amesema neno moja la Kifaransa, "Donc," yaani basi ndiyo hivyo, akakata. Anangoja mwisho wa mwezi ufike tu.

Jumamosi, 14 Novemba. Buffalo.

Sijui kama leo tumetenda dhambi au tumetenda haki.

Nilifika jana. Leo baada ya chakula Mama alishuka kupumzika, mimi na Mapendo tukamfuata. Mapendo alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kuongezewa, mimi mgongo umekufa kwa kuendesha. Tukajilaza wote watatu kwenye godoro, vitenge vichwani. Nywele za Mama zimefumuka, hataki mtu azishike siku hizi.

Mama Riziki na wamama wengine wa kanisa la Mapendo wakaja kumsalimia. Walikuwa wamesikia tu kwamba mama ya Mapendo amefika mjini. Wamebeba sufuria za sombe, kisamvu cha kwetu, na wali. Shemeji akawaelekeza chini bila hata kutuita. Wakashuka ngazi, mmoja nyuma ya mwingine.

Kwetu godoro likiwa sakafuni mchana, na wanawake wamelilalia bila kusuka, hakuna mtu anayeuliza. Unajua umekuta kilio. Mama Riziki aliweka sufuria chini. Akafungua kilemba. Akapiga yowe lililoniinua kutoka usingizini, na wengine wakaketi sakafuni na makoti yao, wakaanza kulia. Halafu wakaimba.

Nilisimama niseme hapana, mmekosea, hakuna aliyekufa. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikamtazama Mama. Nilijua atawafukuza kama alivyowafukuza wazee kule kambini, atatupa sufuria, atapiga mtu, na habari itafika Louisville kabla ya jioni. Nikaona nyumba ya wazee na bustani yake.

Mama alikuwa ameketi. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande. Kisha akauliza, kwa upole, kama mgeni anayeuliza njia:

"Munalilia nani?"

Mama Riziki akafuta uso. "Utuambie weye, mama."

Mashine ya joto ikazima. Mapendo alikuwa ameshika sketi yangu. Mama alitazama ule mlango juu ya ngazi. Alitazama kwa muda mrefu mpaka na sisi tukageuka, nusu tukitegemea mtu.

"Elia," akasema. "Baba Bahati. Alisema tumungoye."

Neno lile lile la pangoni, tumngoje.

"Amekawia sana," akasema Mama. "Basi, mulie."

Akajitupa chini akalia. Mama yangu ambaye sijamwona analia tangu nizaliwe, hata ziwani, hata kambini. Wamama wakamfunika kwa miili yao. Mimi nililia kwa sauti ambayo sikuwa naijua. Mapendo alimlilia mtu asiyemjua, na alilia kuliko sisi sote.

Jumapili, 15 Novemba. Buffalo.

Kilio kimekuwa kilio. Wanaume wako barazani na makoti na kofia, wamewasha mkaa kwenye jiko la kuchomea nyama maana moto wa kuni jirani angeita zimamoto. Wanawake wako chini, tumejaza mikeka ukuta kwa ukuta. Watu hawaulizi amekufa lini. Wakishasikia ni wa vita, wanatikisa kichwa, na kila mmoja analia na wake humo humo.

Nilimpigia msimamizi wangu kuomba ruhusa ya msiba. Akauliza baba alifariki lini. Nikasema jana. Akasema pole sana, kama ilikuwa ghafla. Nikasema ndiyo.

Yaya Bahati amefika. Alinipita mlangoni bila salamu. Alishuka ngazi mpaka katikati akaishia hapo, amekaa, mikono kichwani. Wamama wakampisha. Mtoto mkubwa ndiye anayetakiwa kumshika mjane mkono, lakini hakuweza kushuka. Mwisho alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, yule mwanaume mzima, mpaka miguuni pa Mama.

Mama akamshika kichwa. "Ni weye uliyenitosha mule," akamwambia, yaani ndiye aliyemtoa pangoni. "Bila ruhusa yake."

"Maji ilikuwa imeisha, Mama," Yaya akasema. "Mapendo alikuwa anakufa."

Alilisema mara nyingi, maji ilikuwa imeisha, maji ilikuwa imeisha, na sauti ilirudi kuwa ya kijana wa miaka kumi na mitano. Mama hakusema amemsamehe. Hakusema hajamsamehe. Aliendelea kumshika kichwa.

Nimemchukia kaka yangu miaka mingi kwa ukali wake. Leo nimeona amekuwa anabeba nini. Sikuweza kumkumbatia. Nilimletea chai.

Jumatano, 18 Novemba. Buffalo.

Jana tulitoa kilio, tukamaliza matanga.

Mama Riziki alimnyoa Mama nywele zote. Zilikuwa nyeupe, nyepesi, hazikujaza kiganja. Tukamwogesha kwenye beseni la Mapendo, tukampaka mafuta, tukamvika kitenge kipya. Mjane anatakiwa atolewe ndani, aonyeshwe mchana. Yaya alimshika mkono huu, mimi ule, tukampandisha ngazi. Alikuja mwenyewe. Hakuvuta, hakushika ukuta, hakugeuka. Juu barazani kulikuwa na jua la uongo na upepo wa ziwa unakata masikio. Watu wakapiga makofi. Akapepesa macho kama mtu aliyeamshwa.

Tukala. Jioni tukamlaza juu, kitandani, chumba chenye dirisha. Tulimlinda kwa zamu, viatu miguuni, tayari kukimbilia Grant. Hatukuhitaji kukimbia.

Leo asubuhi Yaya alipoaga alimtazama Mama kitandani, akaniambia habari ya nyumba ya wazee tuiache. "Bon. Tumeshinda," akasema. Ameondoka na mkono wake wenye alama ya meno.

Jumamosi, 21 Novemba. Reynoldsburg.

Nimepiga simu. Mama amelala. Nimepiga tena, amelala. Mapendo anasema analala kitandani kila siku, usiku kucha, hashuki, hata mlango wa besimenti haangalii. Mwenye nyumba alipita akasema asanteni.

Samaki wa Mapendo hamsemi tena. Maharage hachambui. Ukimwekea chakula anakula, usipoweka haombi. Ukimkalisha anakaa.

Shemeji anasema ni uchovu wa msiba, utapita. Mimi ni mtu mzima, najua uchovu. Nilitaka alale kitandani. Nimelia, nimegombana, nimedanganya kazini ili alale kitandani. Analala. Mbona siwezi kufurahi?

Jumapili, 29 Novemba. Reynoldsburg.

Kanisani leo nimeshukuru mbele ya watu kama inavyotakiwa. Wakapiga vigelegele.

Baadaye Mapendo amemwekea Mama simu sikioni. Nilimsikia anavyopumua. Nilimwambia habari za Grace, habari za baridi, kwamba nitakuja Krismasi. Aliitikia kila neno, ee, ee, kwa adabu, kama ninavyomwitikia msimamizi wangu.

Nikamuuliza kama amelala vizuri. Akasema amelala vizuri. Halafu, akiwa na akili zake zote, sauti safi, aliniita kwa jina. Hajaniita kwa jina tangu kiangazi.

"Sifa. Sasa miye nangoya nini?"

Nilisimama jikoni na simu. Nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa.

Akasema sawa.